Uliza Fundi: Mshale wa presha ya oili unacheza, ni injini au ni geji?

Safari hii maswali yameegemea upande mmoja kabisa, nadhani magari yetu yanazeeka pamoja. Barua nne, zote za oili. Nimezipunguza urefu ila maneno ni yenu.

SWALI: Fundi shikamoo. Nina gari ya mwaka 1989, imeshatembea kilomita laki tatu na kitu, injini ni ile ile ya kuzaliwa nayo. Asubuhi nikiwasha mshale wa presha ya oili unapanda karibu na juu kabisa, nikishatembea kama nusu saa unashuka, nikikaa kwenye foleni unalala chini hadi roho inaniuma, nikikanyaga mafuta unapanda tena. Sasa juzi juzi umeanza na tabia nyingine, niko kwenye mwendo wa kawaida sijagusa kitu unaanguka sifuri ghafla halafu unarudi, sometimes mara tatu kwa dakika. Fundi wa kwanza kasema metali, yani beringi za ndani ya injini, zimeisha niteremshe injini, wa pili kasema weka oili nzito utasahau. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba. Usiteremshe injini, angalau sio wiki hii. Na hiyo oili nzito iache dukani kwanza.

Barua yako ina mambo mawili ndani yake na wewe umeyaandika kama moja, ndo maana mafundi wako nao wamekujibu kama moja. Asubuhi juu, ikipata moto chini, ukikanyaga inapanda: hiyo sio ugonjwa, karibu injini zote zenye afya zinafanya hivyo. Pampu ya oili inazungushwa na injini yenyewe, kwa hiyo ukiwa kwenye foleni injini inajizungukia polepole na pampu nayo inasukuma kidogo. Halafu oili ya asubuhi ni nzito, inapita kwa kujivuta, ikipata moto inakuwa nyepesi inateleza tu. Watu wanadhani presha inatengenezwa na pampu, hapana, pampu kazi yake kusukuma, presha inakuja pale oili inapobanwa njiani. Chukua mpira wa kumwagilia maji, uache wazi maji yanachuruzika, bana mdomo kwa kidole gumba yanaruka mbali. Ndani ya injini kidole gumba ni ule upenyo mdogo kati ya krenki (shafti kuu ya injini) na metali inamozungukia, kwenye injini nyingi ni milimita 0.03 mpaka 0.06 hivi. Metali zikilika upenyo unapanuka, yani kidole kinalegea, na presha inashuka hata kama pampu ni mpya.

Namba sasa. Mafundi wa zamani wana kipimo chao cha kichwani, psi 10 (psi ni kipimo cha presha, pauni kwa inchi ya mraba) kwa kila mizunguko 1000 ya injini kwa dakika. Sio sheria, kuna injini nzuri tu haziifuati, lakini inasaidia kukutoa wasiwasi. Injini nyingi za umri huo zikishapata moto kweli zinakaa psi 10 mpaka 20 gari ikiwa imesimama, na 40 mpaka 60 ukiwa barabarani. Kama geji yako imeandikwa bar, bar 1 ni psi 14.5, na magari mengi ya zamani ya Kijapani yanatumia kilo kwa sentimita ya mraba ambayo ni karibu hapo hapo, psi 14.2. Namba kamili ya injini yako iko kwenye kitabu cha matengenezo, tena itafute ile ya injini ikiwa ya moto. Na kitu kimoja kinachowachanganya wengi, mshale wa joto la maji unatulia mapema lakini oili bado inaendelea kupata moto taratibu, kwa hiyo ukiona presha inazidi kushuka dakika kumi na zaidi baada ya maji kutulia usianze kuita watu.

Hilo la kwanza tumemaliza. La pili, huko kuanguka sifuri na kurudi kama kope ya jicho, ndo swali lako hasa.

Jiulize, presha ya kweli ikienda sifuri kwenye mwendo, mara tatu kwa dakika, siku baada ya siku, injini ingekuwa kimya? Ungesikia. Ungeanza kusikia tapeti zinalia juu, halafu ule mlio mzito wa kugonga chini, ko ko ko, na ungekuwa huniandikii mimi ungekuwa unatafuta injini nyingine. Mshale unaoruka ghafla bila sauti yoyote kubadilika, mara nyingi sana ni umeme. Ndani ya sensa ya geji kuna kiwambo kinachosukumwa na oili, nacho kinasukuma kidole kidogo kinachotembea juu ya waya wa rezista. Miaka thelathini na kitu kidole kinasugua pale pale, waya unalika, panakuwa na sehemu mfu, kidole kikipita hapo mshale unaanguka. Au waya wenyewe umelegea kwenye kichwa cha sensa, umelowa oili, umekauka na joto. Au eathi, yani njia ya umeme kurudi kwenye bodi ya gari.

Eathi nikuambie kisa. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa na gari yangu mwenyewe, nikipita kwenye shimo tu mshale sifuri, nikitoka unarudi. Nikajisemea pampu hii. Nikashusha sampu, lile trei la oili chini ya injini, nikabadilisha pampu, na kwa kuwa niko chini tayari nikaweka na metali mpya, wikiendi mbili zimeisha mgongo unauma. Nimewasha, presha safi, nimefurahi, nimetoka nje, shimo la kwanza: sifuri. Kumbe sensa nyingi zinapata eathi kupitia nyuzi zake zinapojifunga kwenye bloku, na ile sensa ilikuwa imezungushiwa tepu nyeupe ya mabomba kwa ukarimu mkubwa, safu juu ya safu, ili isivuje. Tepu imekata eathi. Na aliyeizungusha ile tepu ni mimi, mwaka mmoja kabla.

Kwa hiyo anza na vya bure. Injini inawaka, mtu mwingine akae ndani aangalie geji, wewe tikisa waya wa sensa taratibu (angalia feni na vitu vya moto). Washa taa kubwa, washa indiketa. Mshale ukianza kucheza kwa mdundo wa indiketa, eathi yako ni mbovu na injini haihusiki kabisa, na mara nyingi utakuta geji ya mafuta nayo inacheza kidogo.

Usipopata kitu hapo, pima kwa geji ya mkono, ile ya bomba inayosoma oili yenyewe bila umeme. Hii ndo ningependa kila fundi aifanye kabla ya kutamka neno metali. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, chomoa waya, fungua sensa kwa soketi ndefu, funga geji mahali pake. Kuwa makini na nyuzi. Magari mengi ya Kijapani na ya Kiingereza yana nyuzi za kiwango cha BSP, ya Kimarekani NPT, na saizi ya moja ya nane ya inchi ya hizi mbili zinafanana kiasi kwamba moja inaingia kwa nyingine raundi mbili tatu vizuri kabisa halafu inakaza. BSP ina nyuzi 28 kwa inchi, NPT 27. Ukilazimisha kwa spana umeharibu tundu la bloku, na hapo sasa una tatizo la kweli. Ikikaza mapema, toa.

Ikishakaa, washa, angalia haivuji, kisha acha injini ipate moto kamili, ikiwezekana ikatembee kidogo kwanza. Soma gari ikiwa imesimama, soma kwenye mizunguko 2000, soma kwenye 3000, andika. Kama geji ya mkono imetulia wakati ya dashibodi inaruka, nunua sensa, mambo yameisha. Kama ya mkono nayo inasoma chini lakini inapanda vizuri ukikanyaga, oili yako inaweza kuwa nyepesi mno au imechoka, ama metali zimelika kiasi, gari bado inaishi, badilisha oili na filta upime tena. Kama iko chini kila mahali, hata kwenye 3000, hapo namwelewa fundi wako wa kwanza, ila hata yeye mwambie aanze na valvu ya kupunguzia presha. Ni kapistoni kadogo na springi, kazi yake kufunguka presha ikizidi, na kipande cha uchafu kidogo tu kikikwama pale inabaki wazi na oili yote inarudi kwenye sampu. Kwenye baadhi ya injini unaifikia kwa nje kwa kufungua boliti moja. Boliti moja kabla ya injini nzima, sio mbaya.

Kuhusu oili nzito: ndio, itapandisha mshale. Umeongeza ukinzani, namba imepanda, upenyo wa metali uko pale pale. Na asubuhi oili hiyo inachelewa kufika juu kwenye kamu (shafti inayofungua valvu), mahali ambapo ilikuwa inafika vizuri. Daraja moja juu kwa injini iliyochoka ambayo unajua imechoka, mfano kutoka 10W-30 kwenda 10W-40, na kitabu kinaruhusu, sina ugomvi. Ila kuweka ile nzito kama asali ili mshale ukupendeze macho, hapana.

SWALI: Mambo fundi. Mimi sina geji nina taa nyekundu tu ile ya kibirika. Inawaka nikikata kona kali au nikifunga breki, sekunde moja hivi, inazima. Ni wiki ya pili sasa, nilidhani ni swichi kwa sababu ikizima gari inaenda fresh tu. Karibureta, 1984.

JIBU: Poa, ila gari yako haiko poa. Leo usiende nayo popote mpaka umepima oili.

Taa yako sio kama geji ya mwenzako hapo juu. Swichi yake kwa kawaida imetegwa kwenye psi 4 mpaka 7, maana yake haikuonyi kwamba presha inashuka, inakuambia imeshaisha. Na yako inawaka na kona na breki, ambavyo vyote vinafanya kitu kimoja, vinamwaga oili upande mmoja wa sampu. Kama oili ni kidogo, chujio la pampu linabaki juu hewani linanyonya hewa, na pampu ikisukuma hewa hakuna presha. Swichi mbovu haijui kona.

Paki sehemu tambarare, zima, subiri dakika tano mpaka kumi ishuke, chomoa kijiti, futa, rudisha, chomoa tena. Magari mengi madogo kati ya alama ya chini na ya juu ni kama lita moja. Ukikuta iko chini ya alama au haipo kabisa, ongeza kidogo kidogo huku unapima, kisha anza kutafuta ilikoenda, chini ya gari au kwenye moshi.

Ila kwa sababu umesema karibureta, kuna jambo jingine nataka uliangalie. Nusa kile kijiti. Ukikuta oili iko JUU ya alama na hujaongeza, usifurahi, oili haizaliani. Kuna kitu kimeingia. Kikinuka petroli, basi petroli inashuka ndani, kwenye magari ya umri huo mshukiwa wa kwanza ni pampu ya mafuta ya kwenye bloku, kiwambo chake kikipasuka kinamwaga petroli moja kwa moja kwenye oili, au sindano ya karibureta haifungi inafurika. Oili yenye petroli inakuwa nyepesi kama maji na presha inaondoka nayo. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa hayo ni maji, gasketi ya silinda hedi kwanza kabla ya yote, na gari ivutwe isiwashwe. Na hata oili safi ikizidi sana sio sawa, krenki inaifikia inaipiga mpaka inatoa povu, na povu ni hewa, tumerudi pale pale.

Wiki mbili za sekunde moja moja zinaweza kuwa hazijaua kitu. Ukishajaza, sikiliza injini ikiwa ya moto. Kama hakuna kugonga una bahati.

SWALI: Fundi naomba nisaidie nimezunguka sana. Gari yangu mjini haina shida kabisa, presha nzuri. Nikitoka safari ndefu, mwendo wa 100 kama saa moja, mshale unaanza kushuka taratibu, nikiongeza mwendo ndo unashuka zaidi (hii ndo inanishangaza) na juzi nikasikia kama kugonga kwa mbali. Nikasimama nikazima kama robo saa, nikawasha, presha imerudi kama kawaida! Nimebadilisha sensa mara mbili, geji ya mkono inasema hivyo hivyo.

JIBU: Ahsante kwa kupima na geji ya mkono, umeniokolea aya tatu.

Hilo lililokushangaza ndo jibu lenyewe. Metali zikiisha presha inakuwa mbaya ukisimama na inapata nafuu ukikanyaga. Yako ni kinyume, unavyokanyaga ndo inazama. Maana yake pampu inataka oili nyingi zaidi na haiipati. Chujio la chini kwenye sampu limeziba. Mjini pampu inanyonya taratibu, kinachopita kinatosha. Kwenye mwendo mrefu inanyonya kwa nguvu, uchafu unavutwa unajibandika kwenye wavu, njia inafungwa. Umezima robo saa, hakuna anayenyonya, uchafu unadondoka wenyewe chini ya sampu, njia imefunguka, umewasha unaona muujiza.

Shusha sampu. Nilifungua moja yenye tabia hizi hizi, wavu haukuonekana, ulikuwa umefunikwa na matope meusi kama lami iliyokauka, na katikati yake kuna vijinyuzi vya rangi ya chungwa vinavyovutika ukivishika. Silikoni. Mtu aliwahi kufunga sampu akapaka silikoni nene pande zote, ile iliyobubujikia ndani ikakatika ikaenda moja kwa moja kwenye chujio. Kwa hiyo ukifunga yako paka uzi mwembamba tu, au tumia gasketi. Ukiwa hapo angalia na oringi ya bomba la chujio linapoingia kwenye pampu kama injini yako inayo, ikikakamaa na kupasuka inanyonya hewa, badilisha tu usiitathmini.

Najua mtu atakwambia weka dawa ya kusafisha injini kisha mwaga. Kwa injini yenye matope kiasi hicho mimi siweki. Dawa inabandua uchafu mwingi kwa mpigo na unajua unakoelekea, kwenye chujio hilo hilo lililoziba. Safisha kwa mkono sampu ikiwa chini, halafu oili mpya na filta, na mara mbili tatu zinazofuata badilisha mapema kuliko kawaida.

Kule kugonga kwa mbali ndo kunanipa wasiwasi. Filta ya zamani usiitupe, ikate, kunjua karatasi yake juani uitazame. Vumbi kidogo linalong'aa kwenye injini ya zamani ni kawaida. Vipande vinavyoonekana kwa macho, hasa vyenye rangi ya shaba, ni metali imelika mpaka tabaka la chini, na hapo fungua vikombe vya koni rodi (mikono inayounganisha pistoni na krenki) ukiwa bado uko chini ya gari uangalie. Safari ndefu zisubiri.

SWALI: Habari za kazi fundi. Maswali mawili mafupi. Asubuhi taa ya oili inachelewa kuzima, sekunde tatu nne, na injini inalia kidogo halafu inatulia. La pili, mume wangu ana gari nyingine, mshale wake wa oili haujawahi kusogea, uko katikati tu miaka yote iwe baridi iwe moto. Yake ni nzuri au yangu ni mbaya?

JIBU: Salama dada. La kwanza, uliza filta uliyowekewa mara ya mwisho. Filta nzuri ina mpira ndani unaozuia oili kurudi chini ukizima gari, filta rahisi mpira wake unakakamaa mapema au hauna maana, usiku kucha oili yote inashuka kwenye sampu, na asubuhi pampu inaanza kujaza upya huku juu kukavu. Weka filta bora, ikiendelea niandikie tena.

La pili, geji ya mume wako inawezekana sio geji. Kuna watengenezaji walichoka na wateja kurudisha magari mazima kwa sababu mshale unapanda na kushuka, wakaweka swichi ya kawaida nyuma ya geji. Presha ikizidi psi chache tu mshale unaenda katikati unakaa. Mazda MX-5 za mwanzo kabisa zilikuwa na geji ya kweli, kuanzia modeli za 1995 ikawa hiyo ya mapambo. Kwa hiyo yake ni taa nyekundu iliyovaa suti.

Akitaka kujua ukweli afunge geji ya pili. Ya sensa ni sawa, na akichagua ya bomba basi achukue bomba la shaba au la kusukwa, sio lile la plastiki, na alipitishe mbali na bomba la moshi na mbali na ncha za chuma pale linapopita kwenye ukuta wa injini kuingia ndani ya gari, kwa sababu likitoboka oili ya moto inamwagikia miguuni kwake akiwa anaendesha.